Pampu na Maandishi ya Buluu

"Mashine yako ya kusagia bamia ndiyo iliyoua pampu, Hajjat! Sema tu umekosa, yaishe."

"Iliyoua pampu ni hiyo roho yako, Mhandisi! Siku kumi na mbili sijasaga hata punje. Ulinikatia waya kwa mkono wako, au uzee umeshafika kichwani?"

Kila mmoja alikuwa kasimama mlangoni kwake, uchochoro katikati. Sisi wengine tulitoka na madumu yetu matupu tukajipanga ukutani, kuchota tusingeweza, ila kusikiliza tungesikiliza. Mimi, niseme kweli, nilifurahi. Wale wawili walikuwa hawajasemezana tangu siku ya ule waya, na mtaa ukifungwa na vita kama ulivyofungwa wetu wa Omdurman, kimya cha majirani kinakaba kuliko matusi.

Tayfur alikuwa mpimaji ardhi mstaafu, lakini tulimwita Mhandisi, naye alipenda. Ndiye aliyefunga pampu ya sola kwenye kisima chetu cha zamani. Hajjat Saadiya ni mjane mwenye mikono ya kunyonga ng'ombe, na chungu chake ndicho kilicholisha nyumba kumi na moja zilizobaki. Siku Saadiya alipochomeka mashine yake kwenye umeme wa pampu, Tayfur alimkatia waya. Tangu siku hiyo akaacha kula kwenye sinia letu la pamoja. Alikula peke yake, dagaa wa kopo, kama mfungwa. Kwetu mtu kula peke yake na majirani wapo ni tusi, na Saadiya alilisikia kila jioni.

Sasa mchana ule sanduku la pampu liliwasha taa nyekundu na namba: 43. Basi. Maji yakakatika. Nyumba zote kumi na moja zilibakiwa na nusu pipa langu, mimi Awadiya muuza chai nisiye na wateja. Upande wa juu wa uchochoro kuna mabasi yaliyochomwa na watu wenye bunduki nyuma yake. Upande wa mto hakuna aliyekwenda akarudi wiki ile. Punda wa maji tulishamsahau hata sauti yake. Na sola ile ile ndiyo iliyochaji simu zetu.

"Tulieni," Tayfur akasema, akatoa simu mfukoni kama anatoa hati ya nyumba. "Mtandao umekufa, lakini mimi nilihifadhi kitabu kizima cha pampu humu. Kurasa zote. Namba 43 tutaijua sasa hivi."

Akafungua. Tukamsonga mpaka akalia, "Niachieni hewa, jamani!" Ukurasa wa mbele ukatokea: picha ya pampu, na chini yake orodha ya maandishi ya buluu, yale ambayo ukiyagusa yanakupeleka ukurasa mwingine. Akagusa palipoandikwa "Namba za hitilafu".

Simu ikajibu: ukurasa haupatikani.

Akagusa tena. Haupatikani. Akagusa "Usafishaji", akagusa "Nyaya", mpaka "Wasiliana nasi" akagusa. Jibu lile lile. Chaji ikawa asilimia sita.

"Kitabu kizima!" Saadiya akacheka toka mlangoni kwake. "Ana jalada, bwana! Jalada tupu!"

Nilimvuta Tayfur pembeni. Shingo yake ilikuwa imelowa. "Mhandisi, zimekwenda wapi hizo kurasa?"

Akaangalia chini. "Ile jioni kabla mtandao haujakatwa, binti yangu Ihsan alijifungua kule Aswan. Akanitumia video ya mtoto. Simu ikakataa, imejaa. Nikaona kuna folda ina namba tupu, 001, 002, mpaka huko. Nikadhani takataka, nikaifuta. Sekunde arobaini, Awadiya. Mtoto anapiga miayo. Ningefanyaje?"

Nilitazama juu mwa uchochoro, nikatazama chini. Kote kumefungwa. Hata ndani ya simu tulikuwa tumesimama kizingitini.

Ndipo nikakumbuka. Jioni ile ile, kabla ya hiyo video, watu walimzunguka Tayfur uani kwangu wakirushiana vitu toka simu hadi simu, maana hilo halihitaji mtandao. Huyu alichukua kisomo, yule mapishi. Na mmoja alichukua kila kitu, akisema cha bure hakikataliwi.

Nikavuka. "Hajjat, simu yako ina vitu vya Mhandisi?"

"Ninavyo. Vinanijazia simu bure."

Akafungua. Wallahi, ile folda ilikuwepo: kurasa mia tatu na kumi na mbili, zote namba tupu.

"Na ukurasa wa mbele?"

"Kile kidogo? Nilikifuta. Kitu kizito ndicho mali, shoga yangu."

Alifungua 001: mabomba. Akafungua 002: skrubu. Akafungua 043 kwa akili yake: namna ya kukunja kebo. Chaji yake ikashuka toka kumi na moja hadi tisa.

"Ukienda hivi tutakufa na kiu kwenye ukurasa wa hamsini," nikamwambia. "Vyumba viko kwako, mlango uko kwake. Vuka."

"Mimi nivuke? Aliyenikatia waya ndiye avuke!"

"Sivuki," Tayfur akaitikia ng'ambo, maana hakuna siri katika uchochoro wa hatua nne.

Nikaingia ndani, nikatoa kigoda changu cha chai, nikakibwaga katikati kabisa. "Haya. Hapa si kwako wala si kwake. Ama mkae, ama ile nusu pipa nakunywa peke yangu."

Walikaa, magoti yakipishana kwa tabu, simu mbili kigodani zikitazamana kama maharusi wasiopendana. Folda ikaanza kupita. Asilimia ishirini. Asilimia hamsini. Kule mtoni kitu kikalipuka, tukainama wote, wao wawili wakazifunika simu kwa viganja, mkono wa mmoja juu ya wa mwenzake. Mikono ikaondoka polepole.

Ikafika. Tayfur akaiweka folda pale pale ukurasa wa mbele ulipo, akagusa "Namba za hitilafu".

Ukafunguka! Vigelegele nilivyovipiga vingeweza kutuletea bunduki. Orodha ndefu, 41, 42, 43. Akagusa. Lakini simu ilikuwa na asilimia mbili, kioo kimefifia, na miwani yake ilikuwa nyumbani.

"Lete," Saadiya akasema, akasoma kwa sauti: "Arobaini na tatu. Sanduku limepata joto kupita kiasi, limejizima. Hakikisha sanduku liko kivulini na halipigwi na jua..."

Akainua macho kuelekea mlangoni kwa Tayfur.

Tukageuka sote. Miaka miwili lile sanduku lilikaa kwenye ukuta wa Saadiya, kivulini. Siku kumi na mbili zilizopita Tayfur alilihamishia kwenye nguzo ya chuma mlangoni kwake, waya wake usifikiwe na mashine ya bamia. Lilikuwa pale, katika jua la saa saba, linawaka kama kikaango.

Tulingoja Saadiya aseme. Mimi nilishaanza kuuma midomo kwa alichokuwa karibu kukisema. Tayfur alikuwa akiitazama nguzo yake.

"Endelea kusoma," akasema kwa sauti ndogo.

"Lihamishe kivulini," Saadiya akasoma. "Funika sola. Subiri nusu saa. Kisha bonyeza kitufe cha buluu sekunde..." Kioo kikawa cheusi.

"Sekunde ngapi?" tukapiga kelele wote.

"Kumi! Niliona kumi! Msinipigie kelele!"

Tayfur mwenyewe alilifungua sanduku, akalibeba kifuani huku kitambaa kikimkinga vidole, akavuka. Akalitundika kwenye msumari wake wa zamani, ukutani kwa Saadiya. Tukafunika sola kwa mablanketi. Nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko mfungo. Tulipoyaondoa, Saadiya akabonyeza, sisi tukahesabu. Tulipofika kumi, kisima kikakohoa, kikakohoa tena, kikatema udongo, kisha maji.

Tayfur alikaa mwisho kabisa wa foleni. Alijaza dumu lake, akalibeba, akaanza kurudi kwenye dagaa wake.

"Mhandisi!" Saadiya akamwita toka mlangoni. "Unakwenda wapi na dumu moja kama mgeni? Ugali wa asida uko jikoni, na mchuzi wa bamia nilizotwanga kwa kinu, mabega yananiuma kwa ajili yako. Iweke simu yako ipate chaji kwanza, nataka kumwona huyo mwenye miayo. Ingia, sinia halianzi bila wewe."