Taa ya Buti

Nalianya aliijua shida ya gari la Nzilani tangu Jumamosi ya kwanza, kabla hata chai ya Mama Andati, mchuuzi wa pale gereji, haijachemka. Yasemwe mapema hayo, asije mtu akamtafutia visingizio.

Alikuwa fundi wa nyaya za magari kule Baba Dogo, kwenye safu ya vibanda vya mabati ambako upande mmoja waligonga bodi na upande wa pili walichomelea mabomba ya moshi. Miaka hiyo ya tisini, vigari vidogo vya Kijapani vilivyokwisha tumika vilikuwa vimezagaa Nairobi. Makarani na walimu wa Umoja na Buruburu walivinunua kwa mikopo ya ushirika, navyo vilikuja na nyaya zilizokatwakatwa na kuungwa na kila aliyewahi kuvimiliki. Huyu alitia redio, yule king'ora cha wezi, mwingine taa za ukungu, na ukungu wenyewe hauonekani. Hapo ndipo Nalianya alipopatia ugali wake. Mafundi wengine walibadilisha hiki na kile mpaka shida iondoke yenyewe kwa kuchoka. Yeye alitafuta kwanza.

Nzilani alikuwa karani katika kiwanda cha sabuni huko Industrial Area, mwanamke wa makamo asiye na mume, mcheshi, msimuliaji wa kukufanya usahau spana uliyoishika. Alilalamika kwamba betri yake hulala. Jioni gari ni zima, asubuhi akizungusha ufunguo ni kimya. Nalianya alichomoa waya hasi wa betri, akaweka taa yake ya kupimia kati ya waya na betri. Gari lilikuwa limezimwa na milango imefungwa, lakini ile taa iliwaka kwa unyonge. Maana yake kulikuwa na kitu kinachonyonya moto wa betri gari likiwa limelala. Akachomoa fyuzi moja moja, na alipofika ile ya taa za ndani, taa yake ikazimika. Akairudisha fyuzi, akazunguka nyuma, akafungua buti na kuigusa balbu ndogo iliyokuwa humo. Ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Swichi yake ilikuwa imekwama, kwa hiyo taa ya buti iliwaka usiku na mchana, na nani angejua? Ukifungua buti unaikuta inawaka, unaona ni sawa, si ndiyo kazi yake. Ukifunga, hakuna jicho humo ndani.

Dawa yake ilikuwa kuchomoa balbu, basi. Au kuikwangua swichi kutu na kuipaka grisi, kazi ya kumalizika kabla chai haijapoa.

"Umeona?" Nzilani aliuliza kutoka kwenye benchi. Alikuwa katikati ya kisa cha mama yake wa Kangundo, aliyemfukuza dalali wa kahawa kwa mwiko.

Nalianya alifunga buti. "Moto unapotea mahali, madam," alisema. "Bado natafuta. Wacha nichaji betri, halafu uniletee tena Jumamosi."

Hivyo tu. Maneno yalimtoka yenyewe, naye akabaki anajishangaa.

Mafundi wa safu ile walikuwa na desturi waliyoiita kuacha mbegu. Ukitengeneza gari la mtu unaacha skrubu imelegea hapa, kiungo cha waya hakina tepu pale, ili mteja asikusahau. Nalianya aliichukia desturi hiyo waziwazi. Aliwahi kukosana na Mativo, mnyoosha bodi wa kibanda cha pili, wakanuniana mwezi mzima kwa sababu yake. Kumbe naye alikuwa na bei yake, ila haikuwa ya pesa. Alikuwa amefiwa na mke miaka mingi nyuma, chumba chake cha Kariobangi kilikuwa na redio na paka, na ghafla Jumamosi zilikuwa na mtu. Betri ilikaa kwenye chaja, wao wakakaa benchini, chai ikaja na mandazi, na habari za mama wa Kangundo zikaendelea kutoka pale zilipoachwa.

Mativo hakuwa mjinga. "Mzee, hiyo gari iko na ugonjwa gani haiponi?"

"Ni waya."

"Waya ama ni wewe? Si umwambie tu huyo mama unamtaka, bana. Hatakuuma."

Nalianya alimtupia tambara la grisi. Kusema kweli alijaribu. Kila Jumamosi alipiga moyo konde njiani, akapanga maneno, na alipomwona Nzilani akishuka, ulimi ukawa mzito. Mwoga wa kupigiwa mfano, huyo. Mtu anashika waya wa plagi injini ikinguruma, halafu anashindwa kumwalika mwanamke kanisani. Akajiambia hakuna madhara. Betri ikilala, vijana wa ploti anakopanga wanamsukuma Nzilani, gari linawaka, siku inaendelea. Akawa anaichaji na kuirudisha, anaichaji na kuirudisha, na taa ya buti ikaendelea kuwaka gizani.

Kisha ikaja ile mvua ya mwisho wa tisini na saba, iliyobeba madaraja na kufunika barabara. Jumamosi moja Nzilani hakuja. Nalianya alikunywa chai peke yake, akamkasirikia, kisha akajicheka. Iliyofuata hakuja pia, na hapo hakucheka. Baadaye alifika na kitambaa cheusi kichwani, akaegesha gari, lililowashwa kwa betri ya jirani, palepale pa kila siku, akaketi benchini bila kumsalimia mtu.

"Mama alituacha," alisema. "Tumeshamzika."

"Woi. Pole sana, madam. Pole."

"Walinipigia simu ofisini Ijumaa, wakasema amelazwa huko Kangundo na ananitaka. Nikasema nitaamkia safari. Asubuhi gari ikakataa. Vijana walisukuma mpaka kwa barabara kubwa, wapi. Haikukohoa hata."

Nalianya hakuhitaji kuelezwa. Betri ikiwa na moto kidogo, gari husukumwa likawaka. Ikikauka kabisa, hakuna cheche, utasukuma hadi kesho.

"Ungekuwa unaendesha kila siku ingejichaji," alisema, ili tu aseme kitu.

"Wiki hiyo sikuiendesha, juu ya mvua. Nikakimbia kutafuta basi. Basi nalo likakaa kwa mto tukingoja maji yapungue. Nesi aliniambia mama alikuwa akiuliza kila saa, Nzilani amefika? Nilipofika walikuwa wameshamfunika."

Alifuta uso kwa pembe ya kitambaa. Mama Andati aliweka kikombe kando yake na kuondoka.

"Ni makosa yangu," Nzilani alisema. "Wewe ulinionya. Uliniambia moto unapotea, na mimi nikaendelea na hii gari. Mtu mwenye akili anategemeaje gari mgonjwa na ana mama mgonjwa?"

Hapo palikuwa na upenyo. Nalianya angenyamaza tu. Angempa pole, angechaji betri, hata angemshika mkono, maana mfiwa hushikwa mkono na hakuna anayeuliza. Halafu baada ya muda angejifanya amegundua shida, naye ashukuriwe juu yake. Aliuona upenyo huo wote mpaka mwisho, na akajichukia kwa kuuona upesi namna ile.

Aliinuka akafungua buti. Aliichomoa balbu bila tambara, ikamchoma vidole, akaja nayo benchini.

"Ni hii," alisema. "Ya buti. Swichi yake ilikwama, ilikuwa haizimi hata ukifunga."

"Umeiona leo?"

Kule kibanda cha pili nyundo ya Mativo ilinyamaza. Nalianya alitamani iendelee.

"Hapana. Niliiona Jumamosi ya kwanza."

Nzilani hakupiga kelele. Aliichukua balbu, akaigeuza, akaitazama.

"Ya kwanza," alisema. "Na ukaiacha."

"Nilitaka uwe unakuja. Sikujua kusema. Sikudhani..." Hakumaliza. Hakuna kilichobaki cha kumalizia, alikuwa amemnyima Nzilani kumuaga mama yake kwa sababu ya kikombe cha chai, na maneno hayo hayana upande mzuri wa kushikia.

 Siku zote Nzilani alimwita fundi. Sasa alimwita kwa jina.

"Nalianya, nyuma ya ploti yangu Umoja kuna fundi wa nyaya. Nikifungua dirisha namwona. Ulifikiri mtu anatoka Umoja kila Jumamosi kufuata chaja?"

 Nalianya angelipokea tusi lolote siku ile, hata kofi angelipokea kwa shukrani. Hili hakuwa na pa kuliweka.

"Mama alijua habari zako," Nzilani alisema akiinuka. "Mimi nilimwambia. Alisema nikulete Krismasi akuone."

Aliiweka balbu benchini karibu na chai ambayo hakuigusa, akaingia garini. Liliwaka mara moja. Nalianya alisimama kwenye matope ameshika mlango wa kibanda, akilisikiliza likipanda barabara ya Baba Dogo, injini safi kabisa, hadi likapotea kwenye kelele za malori.

Gari lile halikulala tena asubuhi hata moja. Alijua hivyo kwa kazi yake tu, si kwa kuambiwa na mtu, kwa sababu halikuletwa tena, si Jumamosi iliyofuata wala nyingine yoyote.