Vijiwe vya Firigisi

Mdondo, ule ugonjwa unaofyeka kuku, ulipopita Ilagala haukuchagua nyumba. Kuku wa Verediana waliisha mmoja baada ya mwingine, akabaki tetea mmoja mwenye madoadoa aliyekuwa ameatamia mayai. Tetea akaangua vifaranga tisa. Siku ya nne kicheche akapenya bandani, akamuua.

Hao tisa ndio pekee waliobaki wa mbegu ya mama yake Verediana. Marehemu aliilea mbegu ile tangu Verediana hajazaliwa, na siku ya kumwoza alimkabidhi matetea wawili na jogoo wake, akamwambia asiwachanganye na wa majirani. Sasa mama yuko kaburini mwaka wa pili. Kwa hiyo Verediana hakuwa analea kitoweo. Alikuwa analea kitu ambacho kikipotea hakinunuliki sokoni.

Chakula cha dukani kilipoisha, akawageuzia chenga za mahindi na mchicha uliokatwakatwa. Alijua kuku hana meno, kwamba sharti ameze vijiwe vya kumsagia. Na mwanamke anayeanika dagaa, jamani, hahangaiki kutafuta mchanga. Alichota sinia zima palepale mwaloni, kando ya ziwa, alipokuwa akianika. Mchanga ule ulikuwa umekolea mafuta ya dagaa na vichwa vilivyosagika kwa kukanyagwa, na vifaranga waliuvamia kwa pupa. Verediana akajipongeza, akijua amewapa kitoweo na mawe kwa mkupuo mmoja.

Siku tatu baadaye wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu, mdogo kuliko wote, mwenye doa jeupe kisogoni, alisimama pembeni amefumba macho. Mfuko wake wa chakula shingoni ulikuwa umevimba na kuwa mgumu.

Jumapili hiyo akafika wifi yake Bibiana, ambaye hukaanga firigisi sokoni Mwanga na ana mdomo wenye pilipili kuliko kachumbari yake. Aliposikia habari hakungoja hata maji ya kunywa; alidai kisu. Akampasua mmoja wa wale waliokufa alfajiri, taratibu, kwa mkono uliozoea. Shingoni mlijaa mchanga mtupu, umeshikana na unanuka dagaa. Ndani ya firigisi hamkuwa na kijiwe hata kimoja, ila vumbi.

“Wifi, hawa hukuwalisha,” alisema Bibiana. “Umewapiga lipu.”

Verediana alicheka kwa nusu ya mdomo, kisha machozi yakamtoka. Bibiana akaacha utani. Akafungua mfuko aliokuja nao, akatoa firigisi za kuku wa kienyeji alizoleta kwa ajili ya mchana, bado hazijasafishwa, akapasua moja na kummiminia wifi yake vilivyokuwamo kiganjani.

Vilikuwa vijiwe kumi na kitu: vyeupe, vyekundu, kimoja cheusi tii. Vyote vilikuwa laini, kona zote zimelika. Verediana alivigeuzageuza. Amekula kuku maisha yake yote, amesafisha firigisi zisizo na idadi na kumwaga uchafu wake jalalani, wala hakuwahi kutazama alichokuwa akimwaga. Kuku hakufundishwa na mtu, naye alikuwa ameokota kinu chake punje kwa punje kutoka barabarani, akatembea nacho tumboni.

Walikwenda mtoni, mbali na mwalo, wakachota mchanga ulio mkavu wa chembe, si ule wa unga. Bibiana alichambua na kutupa vipande vyote vya makombe ya konokono, akieleza kwamba hivyo ni vya kuku anayetaga, kifaranga humletea madhara. Wakachekecha kwa chekeche la unga. Kilichopita kikamwagwa; katika kilichobaki, kilichozidi nusu ya punje ya mtama nacho kikamwagwa. Vilivyosalia vililingana na ulezi. Wakaviosha maji matatu, mpaka Verediana aliponusa asisikie dagaa.

Akaviweka kidogo kwenye kisahani, mbali na chakula. Safari hii hakuna aliyevamia. Vifaranga walisogea, wakainamisha kichwa, jicho moja chini. Mmoja akaokota kijiwe, akakitema, akachukua kingine, akameza. Mwingine akachagua viwili tu, akaondoka zake. Viumbe wa majuma matatu, hawana mama wa kuwaonyesha, na kila mmoja alijua kipimo chake.

Yule wa doa jeupe Verediana alimdondoshea maji mdomoni na kumkanda shingo kwa kidole, mara kwa mara, hadi jioni. Uvimbe ukalainika. Kesho yake asubuhi ulikuwa umekwisha, naye akajikongoja hadi kisahani, akachagua kijiwe kimoja, chekundu. Siku ya tatu alikuwa anagombania mchicha.

Siku hiyo Bibiana alikuwa ameaga, anafunga mfuko wake. Alimwambia wifi yake amwinue yule mdogo, amweke sikioni, na anyamaze. Verediana akafanya hivyo. Mwanzo alisikia moyo tu, ukienda mbio. Kisha, chini ya moyo, kwa mbali sana, kitu kikakwaruza, kikatulia, kikakwaruza tena.

Aliijua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa ikimwamsha utotoni, mama yake akisaga ulezi nyuma ya nyumba.

“Anasaga,” alisema. Hakumshusha kifaranga hadi Bibiana alipokwisha kuondoka.