Maji Kabla ya Chaji

Haya, tega sikio nikutegee. Wazee sita wamebanana benchi moja chini ya kiti. Mchana kutwa wanabeba watu bila kulalamika, chakula chao wanaanza kula jioni mpaka kunakucha, na kinywaji chao ni maji tu. Ukiwanywesha kabla hawajala, wanatapika. Ni akina nani? Umeshindwa? Nipe mji, basi! Ni betri za kigari cha gofu. Usicheke, maana hata mpishi wa klabu alikuwa hajui, na kutojua kwake nusura kumtoe wifi yake kazini.

Wifi huyo ndiye aliyekuwa fundi wa vigari, kumi na viwili kwa hesabu, katika banda lililo nyuma ya jiko. Kwingine betri hufa mwaka wa nne. Zake zilikuwa mwaka wa saba, na bado vigari vilipanda kilima cha shimo la nane vikiimba.

"Kaka yangu alitaka mke, akapata mlinzi wa betri," mpishi humtania kupitia dirisha la jiko.

"Nami nilitaka mume, nikaongezewa domo la dada yake," fundi hujibu, huku akipangusa betri.

Siku moja fundi akaomba ruhusa ya siku tatu ampeleke mama yake hospitali. Akamwachia wifi yake funguo.

"Kigari kikirudi tu, kichomeke kwenye chaji, hata kama kimekwenda mashimo mawili. Betri haiachwi ife njaa ndipo ilishwe. Kazi ni hiyo tu, wifi."

Siku ya pili mpishi akafungua vizibo, achungulie tu. Lo! Maji yamepungua. Roho ikamuuma, kwani yeye ni mtu asiyeweza kuona kikombe cha mgeni kikiwa nusu. Akachukua dumu la maji ya betri kwenye rafu, akajaza moja baada ya nyingine mpaka shingoni, vigari vyote, ndipo akachomeka chaji. Akaenda zake nyumbani kwa madaha, kama mtu aliyelisha yatima.

Fundi aliporudi alikuta sakafu imelowa, harufu inawasha pua, na vichwa vya betri vimeota ukungu wa kijani. Akashika kiuno.

"Nani ametia maji kabla ya chaji? Betri ikila chaji, maji yake yanapanda. Unachaji kwanza, maji baadaye, na nafasi unaacha. Sasa tindikali imemwagika, na ndiyo nguvu yenyewe! Hata mpishi anajua sufuria iliyojaa pomoni ikichemka inafurika. Si kweli, wifi?"

"Kweli kabisa," mpishi akasema dirishani, akikikatakata kitunguu ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Meneja naye akaja, akanusa, akauliza lile lile: nani? Fundi akainamia betri, mpishi akachukua kitunguu kingine.

"Sawa. Jumamosi kuna mashindano. Kigari hata kimoja kikifia njiani, betri zitatunzwa na kampuni ya nje, na wewe fundi utahamia kufyeka nyasi."

Wiki nzima mpishi alikuwa akimaliza vyombo tu, yumo bandani. Walizimwagia betri magadi yaliyokorogwa na maji, povu likachachatika, wakasugua kwa miswaki mikuukuu, wakakausha, wakakaza nati, wakapaka grisi. Kila asubuhi fundi alipima betri moja moja. Nyingine zilipata nafuu. Za namba tisa alizitikisia kichwa.

"Wifi, mapenzi haya ya betri umeyatoa wapi?"

"Nimechoka kusikia kaka akikusifia wewe peke yako."

Neno lenyewe la kukiri lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa mpishi. Akalimeza. Nitasema kesho, akajiambia. Kesho ikaja, na kesho yake, na ulimi bado mzito.

Jumamosi vigari kumi na kimoja vikarudi vizima. Namba tisa kikakata roho hatua thelathini kutoka bandani, tena kimembeba mwenyekiti wa klabu, bwana mwenye kitambi cha heshima. Wachezaji wakasukuma huku wakihema na kucheka.

"Mwenyekiti, si uteremke!"

"Nikiteremka mtasukuma nini?"

Fundi hakucheka. Meneja alikuwa amekwishasimama mlangoni.

"Nilisema hata kimoja," akasema. Kisha akapunguza sauti. "Miaka saba si mchezo, fundi, hilo naliona. Kwa hiyo nipe jina. Kama uzembe ni wako, kampuni inaingia Jumatatu. Kama ni mkono wa mwingine, huyo nitajuana naye, na betri zinabaki kwako. Nani alitia yale maji?"

Fundi akamtupia jicho wifi yake, aliyesimama nyuma ya wachezaji, mara moja tu, kisha akatazama chini.

"Banda ni langu, meneja. Andika langu."

Mpishi akahisi masikio yanamwaka. Kumbe anajua! Kumbe alijua tangu siku ile ile! Kwani funguo alikuwa nazo nani mwingine? Mtu kusugua ukungu wiki nzima akidhani amejificha, na mwenzake anampitishia mswaki na kunyamaza.

Akafuta mikono kwenye aproni, akapenya katikati ya wachezaji mpaka mbele ya meneja.

"Ni mimi," akasema, kwa sauti ile ile anayoitia watu chakula. "Wifi yangu hakuwepo. Mimi ndiye niliyejaza, vyote kumi na viwili, kwa mkono wangu huu."