Neno Langu Lilikuwa "Wakubwa"

Tangu mke wangu afariki, mashine yangu ya kukatia chuma ilikuwa haikai kimya. Mimi ni fundi wa mageti na madirisha, na siku nikikosa kazi ya mtu nilikata vyuma chakavu tu, mradi kelele ziwepo. Nikizima, nilimsikia marehemu akihema. Basi nikawa siizimi.

Alihema hivyo hospitali. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo, chumba cha pili, nyuma ya kufuli. Mwenye ufunguo, mkubwa wao, alikuwa kikaoni. Nikawaambia wauguzi, jamani, mimi fundi, niruhusuni niikate hiyo kufuli sasa hivi. Wakanijibu nifuate utaratibu. Tukazika. Na mazishini wakubwa wa kanisa nao wakasimama mmoja mmoja kuniambia ni mapenzi ya Mungu, kana kwamba Mungu ndiye aliyeondoka na ufunguo. Tangu hapo sikusali tena.

Shemeji yangu, mdogo wa kike wa marehemu, fundi cherehani mwenye mdomo, akanifuata karakana.

"Shemeji, zima hilo dubwana lako tuongee."

"Ongea tu, nasikia."

"Jumatano jioni twende kanisani, chumba cha nyuma. Tumeanza sala ya kimya."

"Nani anahubiri?"

"Hahubiri mtu. Tunakaa tu, tunanyamaza mbele za Mungu."

"Kukaa bure nako mpaka kanisani?"

"Njoo ukae bure na wenzako, kuliko kumalizia hasira kwenye vyuma."

Nikaenda, maadamu hakukuwa na mkubwa wa kunihubiria. Tulikuwa watu wachache kwenye viti vya plastiki, mshumaa katikati. Aliyeongoza ni mama mmoja, mkunga mstaafu.

"Kila mtu achague neno moja fupi, lile linalomkaa moyoni," akasema. "Mawazo yakija, usipigane nayo. Rudi kwenye neno lako, taratibu."

Akagonga glasi kwa kijiko, kimya kikaanza. Mimi nikachukua lile lililonikaa moyoni kweli kweli. Nikakaa nalo mpaka jasho likanitoka. Glasi ilipogongwa tena, mkunga akanigeukia.

"Fundi, mbona unatweta kama umebeba gunia? Neno lako ni lipi?"

"Wakubwa."

"Wakubwa gani?"

"Wote."

Shemeji akaficha uso kwenye mtandio. Mkunga hakucheka.

"Na Mungu je, alipata pa kukaa?"

"Atapata wapi, mama? Walijaza viti vyote."

"Hapo sasa. Wiki ijayo njoo na neno la kumwita yeye. Au la kumwitikia."

Wiki nzima nikatafuta. "Bwana" likanikumbusha yule bwana mkubwa mwenye ufunguo. "Amani" likanigomea kabisa. Nikaapa: Jumatano nikikosa tena, basi, mlangoni kwa Mungu sipigi hodi tena.

Jumatano nikakaa bila neno lolote. Haukupita muda, nikaanza kumsikia marehemu akihema. Nikashika magoti, nataka kuinuka nikimbilie mashine yangu. Shemeji, aliyekaa kando yangu, akaona. Akaninong'oneza:

"Upo?"

Sauti yake na ya dada yake ni moja. Na miaka yote, mashine ikinyamaza ghafla, mke wangu aliita kutoka jikoni, "Mzee, upo?" Alitaka kujua kama sijajikata vidole.

"Nipo!" nikaitika, kwa sauti ya karakana.

Kiti kikalia. Mtu akapaliwa na kicheko. Mkunga hakufungua hata macho.

"Haya," akasema polepole, "fundi yupo. Tuendelee."

Tukaendelea. Kule kuhema kukarudi, nikasema moyoni: nipo. Wakubwa wakaja na vikao vyao: nipo. Sikuomba kitu, sikushtaki mtu. Sijui niseme vipi, shule sikufika mbali, ila safari hii nilijua siitikii ukuta.

Wakubwa sijawasamehe, nisiwadanganye ninyi. Lakini jana, jua bado kali, niliweka mashine chini nikakaa kwenye kigoda changu, mikono magotini. Kinyozi, jirani yangu, akachungulia.

"Fundi, umeme umekatika?"

"Haujakatika," nikamjibu. "Nimezima mwenyewe."