Upanga wa Mjomba

Modeste alipanda ngazi za nyumba ya shemeji yake kule Saint-Gilles akiwa ameshaamua: hapana. Noé hamuoi Anaïs. Kijana yule alimkera tangu siku ya kwanza, na viatu vyake vyeupe na «enchanté» zake za kusalimia. Na Modeste ndiye mjomba wa binti. Kwao Kivu, katika ukoo wao, mjomba asipopokea panga lake, mahari haijapokelewa. Miaka ishirini ya kusafisha ofisi za watu Brussels haikumwachia cheo kingine, na hicho kimoja alikishika kwa mikono miwili.

Sebuleni wazee wa pande zote mbili walishabanana kwenye makochi. Constant, baba yake Anaïs, alikuwa ameshapewa suti yake, na juu ya suti, kitu ambacho hakikuwamo kwenye orodha ya mahari: upanga mrefu wa Kifaransa wenye ala ya kung'aa. Si wa kale. Ni wa kuigiza, uliotengenezwa kwa mfano wa panga za wapanda farasi wa Napoléon. Constant aliupapasa huku akitabasamu. Mjinga huyu, Modeste alisema moyoni.

Kisha Noé akapiga goti mbele ya Modeste, akamkabidhi upanga wa pili.

«Bon, hii ni nini? Kwa liste niliandika machette, panga ya shamba.»

«Ni sabre, tonton. Ya officier. Nilifikiri inakufaa kupita machette.»

«Ulifikiri.»

Furaha iliyompanda Modeste ilikuwa furaha mbaya, naye alijua ni mbaya, akaiacha ipande. Sababu aliyokuwa akiitafuta imeletwa mpaka miguuni pake, tena imefungwa utepe. Akaagiza muwa. Ndiyo desturi yao: mjomba hukata muwa kwa panga aliloletewa, mbele ya watu, kisha wote wanatafuna. Dada yake Victorine, mama wa bibi harusi, alikuwa ameununua sokoni Matonge asubuhi ile. Modeste akaulaza muwa mezani, akachomoa upanga, akaushusha kwa nguvu zake zote.

Upanga ukadunda. Muwa ulichubuka ganda tu. Akapiga tena, akapiga mara ya tatu, jasho likimtoka, bilauri zikiruka na kuvunjika sakafuni.

«Munaona? Hii haikate hata beurre ya mukate! Muntu ananiletea kitu ya kuchezea, ananizarau. Mahari haiko! Mubebe vitu vyenu, muende!»

Noé akafumbua mdomo. Anaïs, aliyeketi nyuma yake, akamshika bega, akasimama yeye.

«Noé alitaka kununua machette ya kweli, tonton. Ni mimi nilimukataza. Nilimuambia atafute yenye haina makali.»

«Juu ya nini?»

«Juu yako. Siku zenye unakuya hapa umekunywa, na ile hasira yako, maman anafichaka visu yote ya cuisine. Alors tukupatie machette? Ile sabre ya papa tuliongeza tu, ili usijue ni juu yako.»

Modeste alingoja wazee wamkemee. Constant alikuwa akitazama kapeti. Basi akamgeukia Victorine, dada yake wa tumbo moja, amfunge mdomo binti yake.

Tangu pigo la kwanza Victorine alikuwa amewavuta watoto wake wawili wadogo nyuma ya kochi, na bado alisimama mbele yao, mikono ameitandaza.