Sura ya Bibi Harusi

Cornel, mwalimu wa shule ya kijiji cha Tumati aliyejiita msanii wa video, aliichukua video ya harusi yake, akamfuta mkewe Evelyne sura na kumbandika ya mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa, iliyotengenezwa na kompyuta. "Ni sanaa," alisema. "Inauliza ukweli ni nini." Evelyne akaendelea kupika. Upuuzi wa mume huzoeleka kama moshi wa jikoni.

Kumbe Cornel alikuwa na mtazamaji wake: mama yake mzazi, ambaye umri ulikuwa umeanza kumsahaulisha. Miezi mitatu alimwekea video ileile kila asubuhi, huku Evelyne akimwogesha na kumlisha.

Siku moja Evelyne akaingia na bakuli la uji. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni binti wa nani?"

"Ni mimi, mama. Mke wa Cornel."

Mama mkwe akalisukuma bakuli. "Mke wa Cornel namjua, namwona kila asubuhi kwenye video. Toka, mwongo wewe!"

Evelyne akamgeukia mumewe, angalau amsemee neno moja. Cornel alikuwa ameinua simu, anarekodi.

"Hebu toka uingie tena," alinong'ona. "Uso wako haukuonekana."