Pikipiki ya Shemeji

Shemeji alikuwa ameikalia pikipiki nusu saa nzima, ikiwa kwenye stendi, akijitazama kwenye kioo cha duka. Fundi, ndugu wa mkewe, aliyeitwa kumshauri, akasonya kimoyomoyo. Suruali ina mkunjo wa pasi, na bado mtu anataka pikipiki isiyo na kava, injini nje nje, ya kuendea ofisini kila siku.

"Unaionaje, shemeji?" akamuuliza fundi.

"Shuka uisukume mpaka getini, urudi." Kila mnunuzi alimpa mtihani huo huo.

"Nanunua ya kuendesha, si ya kusukuma."

"Siku ikikuzimikia njiani, iambie hivyo hivyo."

Shemeji aliisukuma hatua sita. Ya saba, ikamlalia, muuzaji akaiwahi.

"Matairi hayana upepo," shemeji akasema, akijipangusa.

Dada yake fundi, aliyekuwa amemshikia mumewe mkoba muda wote huo, akamrudishia mwenyewe. Akashika usukani, akaisukuma hadi getini, akaigeuza, akairudisha na kuiegesha bila hata kuhema.

"Inunueni," fundi akamwambia dada yake. "Yeye utambeba nyuma."